Mkalimani wa Kampuni ya Tumbaku

Siku wageni wa kampuni ya tumbaku walipofika kwenye gesti niliyokuwa nikifanya kazi, pale Milanzi, mjini Sumbawanga, nilikuwa nimeshafunga begi. Nilikuwa nakwenda kumchukua mdogo wangu kwenye mashamba ya tumbaku. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mwenye gesti, nimemwachia mwenzangu funguo za vyumba, na nimepatana na dereva wa lori la Mpanda kwamba atanipitia asubuhi inayofuata. Lori likaondoka bila mimi, kwa sababu niliamini Mungu ameniletea msaada mkubwa kuliko lori. Hata leo sipendi kukumbuka jinsi nilivyofurahi siku ile.

Niseme kwanza mdogo wangu alifikaje huko.

Wazazi wetu ni wakulima wa upande wa Mwimbi, na watoto wao tuko wawili tu. Nilipokuwa mdogo, mahindi ya Ufipa yalikuwa na mwenyewe. Chama cha ushirika kilileta mbolea, kikaleta magunia, na msimu ukiisha lori lilikuja kuchukua mzigo hata kama barabara imekuwa tope tupu. Halafu likaja soko huria. Tuliambiwa sasa kila mtu yuko huru kumuuzia amtakaye. Uhuru tuliupata, ila huyo wa kumuuzia hakuonekana. Ruzuku ya mbolea ikaondolewa, bei ya mfuko ikapanda mpaka watu wakawa wanaitaja huku wanacheka, na ghala la ushirika likawa mahali pa kuchezea karata. Baba alirudi kwenye kilimo cha babu zake, kile cha intumba, vilima vya udongo ambavyo nyasi hufukiwa ndani yake zioze ziwe mbolea. Ulezi ulistawi. Lakini ulezi haukuleta bati la kuezekea nyumba, na mdogo wangu alikuwa ameshafikia umri wa kutaka nyumba yake.

Karani wa ule ushirika ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa mdogo wangu. Alikuwa mtu wa kuaminiwa kijiji kizima. Alisoma masomo kanisani bila kukwama, na suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku ya kulima. Ushirika ulipokufa hakukaa kulalamika kama wengine. Alihamia kaskazini, kwenye misitu ya njia ya Mpanda, akawa mkulima wa tumbaku wa kampuni moja kubwa ya kutoka nje. Kampuni iliwapa wakulima wake mbegu, mbolea na dawa, na mwisho wa msimu ilinunua majani yao yote. Krismasi moja alirudi Mwimbi na pikipiki, akamwomba baba kijana wa kumsaidia kwa msimu mmoja.

Nyumbani kwetu mtoto haondoki hivi hivi. Hukabidhiwa. Mama aliushika mkono wa mdogo wangu akauweka kwenye mkono wa baba yake wa ubatizo, mbele ya watu wa jumuiya yetu ya kanisa, kisha akapiga magoti na kupiga makofi taratibu, kama tunavyowaheshimu wakubwa. Na mkono uliompokea mtoto ndio unaopaswa kumrudisha. Mzazi akienda kumchukua mwanawe mwenyewe, amemwita yule aliyempokea mwizi, na ukimwita mwizi baba wa ubatizo wa mwanao, hata padri atataka kujua una roho ya namna gani. Heshima hiyo ndiyo iliyomfunga mdogo wangu. Wala haikuhitaji kufuli.

Msimu uliisha hakurudi, na wa pili ukaisha. Baba alituma salamu kwa madereva, salamu za adabu, za kuzunguka, na jibu lilikuwa lile lile kila mara: kijana ni mzima, anawasalimu, nitamleta mwenyewe baada ya mavuno. Mama alishukuru. Mimi nilianza kumuuliza kila mgeni aliyelala gesti akitokea upande ule.

Aliyenijibu alikuwa Msukuma mmoja aliyekuja mnadani kuuza madume ya ng'ombe. Ukoo wake ulikuwa unahamisha mifugo kutoka kaskazini, wakielekea bonde la Rukwa, na walikuwa wamepiga kambi kwa muda kando ya mashamba ya tumbaku. Nilimweleza mdogo wangu alivyo, kwamba ana kovu juu ya jicho na hucheka kabla hajaongea. Aliweka kikombe cha chai chini.

"Namfahamu huyo," alisema. "Siku hizi hacheki, dada."

Akanisimulia. Mdogo wangu alikuwa ameshajaribu kuondoka. Alichukua kifurushi chake akashika njia mchana kweupe, na mkulima wa shamba la jirani akamkuta barabarani akamrudisha. Wakulima wa kule walikuwa wamepatana: kibarua yeyote akionekana njiani na mzigo, arudishwe kwa mwenye shamba, ili siku wako akiondoka na wewe urudishiwe. Baada ya hapo baba wa ubatizo alimnyang'anya viatu na nguo zake za kutokea, akavifungia ndani. Vijana walilala kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia majani, katikati ya moshi na harufu. Wakati wa kuvuna mdogo wangu alikuwa anatapika, maana utomvu wa majani mabichi huingia mwilini kupitia ngozi ukamlevya mtu.

"Alinituma," yule mfugaji akasema. "Alisema, ukifika Sumbawanga mtafute dada yangu, yuko gesti ya Milanzi. Mwambie aje mwenyewe, asitume mtu."

Kwa hiyo nilifunga begi. Nilikuwa tayari kuitwa mtoto asiye na adabu, na padri aseme atakavyo.

Ndipo wakaja hao wageni. Mmoja alikuwa Mzungu mrefu aliyekohoa vumbi tangu mlangoni, na mwingine alikuwa afisa, Mtanzania, aliyenizidi umri kidogo, mwenye sauti ya upole na koti zuri la sufu. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Sumbawanga haina mzaha, kwa hiyo lile koti nililitazama vizuri. Jioni alikuja mapokezi akaniuliza kama namjua mtu anayekijua Kifipa sawasawa.

"Tunataka kuongea na wazazi ambao vijana wao wako kwenye mashamba ya tumbaku," alisema. "Wazee wengi Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu."

Nilimuuliza ni kampuni gani. Akaitaja. Ilikuwa ile ile.

Alinieleza kwa utaratibu, kama mwalimu anayewapenda wanafunzi wake. Huko ng'ambo watu wameanza kuuliza maswali. Wanaonunua tumbaku kutengeneza sigara wanataka kujua imelimwa na nani, na kama kuna mtu anafanyishwa kazi bila ridhaa yake. Hata wanaliita kwa jina lake, utumwa. Kampuni imeamua kuwafuata wakulima wake mmoja mmoja, na kuwafuata hata wazazi waliotoa vijana. "Hatutaki hata jani moja," alisema, "lililochumwa na mtu asiyetaka kulichuma."

Niliipenda sentensi ile. Niliirudia peke yangu nikikunja mashuka.

Nikamwambia kuwa mdogo wangu yuko kwa mkulima wao. Hakushtuka. Alifunga mlango wa mapokezi, akaketi kwenye kiti cha wageni, akasema, "Dada yangu, basi hii ndiyo kazi iliyonileta." Akashauri waanze na wazazi wangu, na mimi niwe mkalimani wao. Nilimuuliza kama si bora twende moja kwa moja shambani. Akacheka kwa upole, akasema kampuni ina utaratibu, na bila utaratibu mkulima atakana kila kitu na mdogo wangu ataumia zaidi. Nikaona ana akili. Begi likarudi uvunguni mwa kitanda.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilijua nimeshapona.

Tulikwenda Mwimbi na gari lao, na sikatai kwamba nilifurahi majirani waliponiona nikishuka humo. Mama alikuwa amefagia uwanja, ametoa vigoda vyote na kimoja cha kuazima. Kuku alichinjwa. Pombe ya ulezi ililetwa kwenye kibuyu. Nilimvuta mama jikoni nikamwambia kwa Kifipa, "Mama, hawa ndio wenye tumbaku. Wanaweza kumrudisha mwanao. Waambie ukweli."

"Mbele ya wageni?" mama akasema. "Nimtete baba wa ubatizo wa mwanangu mbele ya watu niliowaona leo?"

Uwanjani, afisa alikuwa ametoa kinasa sauti kidogo, cha kanda, akakiweka juu ya kigoda katikati yetu. Akanielekeza. Ukaguzi unataka sauti, alisema. Mama aseme kwa Kifipa, kisha wewe useme kwa Kiswahili. Usiongeze, usipunguze, maana wewe ni ndugu wa kijana na wakubwa watasema umetia chumvi. "Ya kwako," akasema, "tutayaongea pembeni, mimi na wewe." Lilikuwa jambo la haki kabisa. Ningekuwa mimi afisa ningesema vile vile.

Akabonyeza. Mama akapiga magoti, akapiga makofi yake taratibu, akasema. Nami nikasema baada yake, kwa sauti niliyoitumia kanisani kusoma matangazo, kila neno mahali pake:

"Mwanangu yuko kwa baba yake wa ubatizo. Anakula wanachokula. Tunamshukuru aliyempokea. Sisi tumeridhika, hatuna la kulalamika. Tumeridhika kabisa."

Mtu yeyote wa kwetu angemwelewa mama. Mfipa aliyeridhika kweli husema mara moja, kisha anakukaribisha pombe. Mama alikuwa anarudia rudia, na macho yake hayakutoka kwenye mlango wa chumba cha mdogo wangu. Baba alikuwa anachora chini kwa kijiti. Lakini macho hayaingii kwenye kanda, wala kijiti. Mzungu alitabasamu, akamshukuru mama kwa Kiswahili cha darasani, na kile chombo kikazimwa.

Kisha afisa akanifuata nyuma ya kihenge cha ulezi, nikamwaga yote. Nilimweleza viatu vilivyofungiwa, mapatano ya wakulima, bani, kutapika, ujumbe wa yule mfugaji. Nilimwambia adabu ya mama ni ya nini na imemaanisha nini. Nilisema, "Amemfunga kama mbuzi, kaka, na kamba yenyewe ni ubatizo." Nililia, na yeye akanipa kitambaa chake. Hicho kitambaa kilikuwa kisafi, kina harufu ya sabuni ya kigeni.

"Jina lako halitatoka," alisema. "Nitamfuata mimi mwenyewe. Nipe muda kidogo tu, usiende kuvuruga."

Nikampa muda. Baridi ikaisha, upepo ukaanza kupeperusha vumbi la kabla ya mvua, na mimi nikawa natega sikio kila gari likisimama nje ya gesti. Kila dereva wa njia ya Mpanda nilimpa soda aniambie amesikia nini. Hakuna aliyesikia kitu.

Aliyekuja alikuwa baba wa ubatizo. Baba alinitumia ujumbe nifike nyumbani Jumapili, nikafika, nikamkuta amekaa kwenye kigoda kile kile alichokalia afisa. Alikuwa amevaa fulana nyeupe ya kampuni, imeandikwa mbele kwa herufi za kijani: KAZI KWA HIARI. Pembeni yake alikaa katekista. Kulikuwa na sukari mezani na kitenge kipya kwenye mapaja ya mama.

"Binti yangu," alisema, "hata shikamoo hunipi?"

Nikampa.

"Marahaba. Nimesikia nimemfunga mdogo wako kama mbuzi, na kamba yenyewe ni ubatizo."

Maneno yale niliyasema mara moja tu maishani mwangu, nyuma ya kihenge, kwa mtu mmoja. Akaendelea bila kupandisha sauti, na nadhani alikuwa anafurahia kunieleza. Kampuni ina utaratibu mzuri, alisema. Mkulima akilalamikiwa haonewi. Anaitwa, anasomewa kila alichosemewa, anapewa nafasi ya kujibu, na kisha anaambiwa akapatane na familia. Tena wameunda kamati ya kulinda vibarua, na wakulima wenzake wamemchagua yeye mwenyekiti. Kuna pia sanduku la maoni, la chuma, limewekwa sokoni karibu na mizani. Kibarua mwenye shida aandike, atumbukize.

"Na ufunguo anao nani?" nikauliza.

"Mwenyekiti," akasema.

Ningecheka kama isingekuwa mama. Mama aliteremka kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya mtu yule, akapiga makofi. "Msamehe, baba," alisema. "Ni mtoto. Mjini kumemharibu." Mama yangu mzazi. Yeye ndiye aliyekuwa hapati usingizi kwa kumuwaza mwanawe, na yeye ndiye aliyeniombea msamaha kwa kusema kweli. Nilimchukia kwa dakika ile, na sioni aibu kuandika hivyo, kwa sababu dakika ile niliona nimebaki peke yangu duniani.

"Mdogo wangu yuko wapi?" nikasema.

"Hayuko kwangu tena. Hiyo ndiyo faida ya maneno yako. Kampuni imetutaka tusafishe mashamba, kwenye shamba abaki ndugu wa damu wa mkulima tu. Ubatizo si damu, wamesema. Basi nimemtoa."

"Umemtoa ukampeleka wapi? Mkono uliompokea ndio umrudishe!"

Alivuta kibuyu, akanywa, akafuta mdomo. "Nimemkabidhi kwa mtu mwema, huko ndani zaidi."

Ndipo baba yangu akainuka. Aliinuka akatoka, akapita katikati ya wageni bila kuaga, akaelekea shambani. Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Katekista akainamisha kichwa. Lakini tusi la baba lilikuwa limechelewa misimu kadhaa, na halikumrudisha mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, tukaimba na kuandika ubaoni. Sikufundishwa ufanye nini ukishakiona.

Safari hii sikungoja mtu. Nilipanda lori, nikafika kwenye mashamba yale ya msituni nikiwa nimejaa vumbi mpaka kope. Kila mwenye bani alikuwa ameipaka chokaa. Njia panda kulikuwa na ubao wenye picha: mtu aliyefungwa minyororo amepigwa msalaba mwekundu, na mtu anayecheka na jembe amewekewa alama ya vema. Mke wa baba wa ubatizo alinipa chai na viazi, akaulizia afya za wote nyumbani, akasema kijana alishaondoka, hajui alikoelekea. Alikuwa na adabu zote.

Nyuma ya bani nilimkuta mama mmoja wa Kigoma akisonga ugali wa vibarua. Huyu hakuwa na mtu wa kumlindia heshima.

"Walisombwa wote wasio ndugu," aliniambia. "Wageni walitoa taarifa siku wanayokuja, basi trekta likawachukua kabla. Wako mashamba ya ndani, yale yasiyoandikishwa kwa kampuni. Hayana ubao wala sanduku."

"Na tumbaku ya huko inauzwa wapi?"

Alinishangaa. "Si inaletwa hapa kwa baiskeli? Inafungwa marobota, inapimwa kwa jina la baba mwenye shamba. Kampuni ndiyo hiyo hiyo, dada. Nani mwingine ananunua?"

Nilimwomba anionyeshe njia ya hayo mashamba ya ndani. Alisema njia ni nyingi, na hakuna kibarua anayezijua zote. Nikaenda kwenye kituo cha kampuni cha kununulia tumbaku. Afisa alikuwepo. Alinipokea kwa uso mkunjufu, akaagiza soda, akauliza baridi ya Sumbawanga imeishaje.

"Dada, suala lako limekwisha vizuri," alisema.

"Mdogo wangu hajarudi."

"Tulimhoji mwenyewe kabla hajahama. Peke yake, bila mkulima, kama utaratibu unavyotaka. Alisema anataka kubaki."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Hatuwezi kumlazimisha mtu arudi kwao, hilo nalo lingekuwa kosa." Alisema hivi kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo niliyoshindwa kuisamehe. "Hata hivyo wakubwa walitaka wasio wa damu watolewe, kwa usalama. Kwa hiyo sasa hayuko kwa mkulima wetu. Huko aliko, hatuna mamlaka."

"Majani anayochuma yanapita kwenye mizani yako hapo!"

Aliitazama mizani, kana kwamba ndiyo kwanza inaletwa. "Unaweza kuthibitisha ni majani gani?"

"Uliniambia jina langu halitatoka."

"Sikutaja jina," alisema. "Nilisema ni ndugu wa karibu wa kijana, anayefanya kazi mjini."

"Kwetu tuko wawili tu, kaka."

Soda yangu niliiacha pale mezani, haijafunguliwa.

Nilizunguka kwenye vijia vya msitu ule, nikiumwa na mbung'o, nikiita jina la mdogo wangu kwenye kila bani niliyoiona, mpaka wakulima wawili wakanifuata na kuniambia kwa heshima kwamba mwanamke kuzunguka hivyo si vizuri. Nikarudi Sumbawanga. Kilichonitafuna zaidi ni ile kauli yake kwamba anataka kubaki. Angewezaje, mtu aliyenitumia ujumbe nije mwenyewe? Kuna siku nilimkasirikia hata yeye. Nilijiambia labda ameonja maisha ya huko, labda ana mwanamke, labda ametutupa. Nikamweka kwenye orodha ya walionisaliti, pamoja na afisa na mwenye fulana. Mwaka uliofuata kampuni ilipaka rangi zahanati moja ya wilaya, ikagawa jezi za mpira, na redioni tukasikia kwamba imefanikiwa sana kusafisha mashamba yake.

Mdogo wangu alirudi misimu kadhaa baadaye, na hakurudishwa na mkono wa mtu. Yule mwenye shamba la ndani alikuwa amefariki, mjane wake akawafungulia vijana wote akawaambia wajiendee. Aliingia gesti mchana, amebeba mfuko wa plastiki, nami nikamuuliza kama anataka chumba, kabla sijaliona kovu juu ya jicho. Kisha nikapiga kelele mpaka wageni wakatoka nje. Nilimkumbatia. Mifupa yake niliihisi yote kifuani mwangu.

"Shikamoo, dada," alisema.

Nilimpikia ugali na samaki, migebuka iliyotoka Kabwe, ziwani, siku ile. Alikula polepole, akashukuru baada ya kila kitu nilichomsogezea. Nilimwacha ashibe. Nilipoona amenawa, nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini ulimwambia yule afisa unataka kubaki?"

Alikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Aliniuliza kama nataka kurudi kwetu," alisema. "Nikasema ndiyo. Neno la kwanza kabisa nililosema ni ndiyo. Akasema, ngoja basi, usikie kwanza kwenu wanasemaje. Akawasha kile chombo chake."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilitaka kumziba mdomo.

"Nikamsikia mama. Mama namjua, mama husema hivyo kwa kila mgeni, sikujali. Nikasema moyoni, ngoja sasa dada aseme, dada ndiye nimemtumia ujumbe. Ukasema tumeridhika. Hatuna la kulalamika. Kwa Kiswahili safi, wala hukusita. Akazima, akaniuliza tena kama bado nataka kurudi." Alikunja mfuko wake wa plastiki juu ya goti. "Nirudi kwa nani?"

Nilimweleza. Nilimweleza kihenge, kitambaa, ahadi, njia panda, vijia vya msitu, jina lake nililoliita kwenye kila bani. Niliongea mpaka koo likakauka. Nilimwambia kwamba mtu yule alikuwa na ukweli wangu wote kichwani mwake wakati anambonyezea sauti yangu, na kwamba alichagua kipi amsikilizishe. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza hata mara moja, anaitikia kwa kichwa.

"Inawezekana," alisema.

Kisha akauliza chumba cha kulala pale gesti ni bei gani.